Mkahawa unaodaiwa kuwa na mzimu: je, wafanyakazi watoe ushahidi mbele ya wapiga ramli?

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Mimi ni msimamizi wa zamu ya usiku katika mkahawa ulio ndani ya nyumba ya kale ya mawe hapa Mombasa. Tangu masika yaliyopita, jiko la mkaa la kuchomea mishikaki lilipotolewa uani na kuingizwa ndani kwa sababu ya mvua, wafanyakazi hawana raha. Muosha vyombo anasema alimwona mzee mwenye kanzu amesimama kwenye ngazi baada ya kufunga. Wahudumu wawili wanasikia nyayo ghorofani, sahani zimeanguka kutoka rafuni mara tatu, na karibu sote tulio jikoni tunaumwa na kichwa kila zamu. Tajiri wetu amewaleta watu wawili wanaodai kuyaona yaliyofichika: mwanamke anayepandisha pepo na mwanamume mwenye ubao wa ramli. Wamesema huo ni mzimu wa mpishi wetu marehemu, aliyefariki mwaka juzi huku akidai mishahara yake, nao wanataka mbuzi mweusi achinjwe mlangoni. Watarudi Alhamisi usiku kufanya uchunguzi, na kila mfanyakazi anatakiwa aeleze mbele ya kamera aliyoyaona na achangie gharama za kafara. Tajiri anasema video hiyo italeta wateja. Je, inafaa nishiriki? Ushahidi wa wenzangu una uzito? Na je, niache kazi?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu yangu, kwa kuwa Alhamisi i karibu, naanza na lile unalolihitaji kwanza. Haikufalii kuhudhuria kikao hicho, wala kumchangia mbuzi huyo hata kwa shilingi moja, wala kusimama mbele ya kamera ukalishuhudilia jambo ambalo hukuliona kwa macho yako. Baada ya hapo nakuomba unifuate kwa utulivu, kwa sababu ndani ya swali lako mna mambo mawili ambayo hukuyauliza, nami nayaona ni mazito kuliko mzimu: maumivu ya vichwa vyenu, na mishahara ya marehemu.

Majini wapo, na hilo hatulijadili. Imo sura nzima ya Qur'ani yenye jina lao. Lakini kuamini kwamba wapo ni mbali na kudai kwamba mmoja wao amesimama kwenye ngazi ya mkahawa wenu. La kwanza limetufikia kwa wahyi, yaani ufunuo wa Allah kwa Mtume wake, na la pili ni dai la mwanadamu, nalo linapimwa kama yanavyopimwa madai mengine. Allah amesema katika Suratul A'raf kwamba shetani na kabila lake wanatuona kutoka mahali ambapo sisi hatuwaoni. Kwa aya hii Imamu Shafi, ambaye wengi wetu wa mwambao tunafuata madhehebu yake, alisema kwamba mwenye kudai kuwa amewaona majini ushahidi wake unakataliwa, isipokuwa awe nabii. Wanachuoni waliomfuata, akiwemo Ibn Hajar, wakafafanua kwamba maneno hayo yanamhusu anayedai kuwaona kwa umbo lao la asili. Ama kuonekana kwao wakiwa wamejigeuza sura, hilo limethibiti, kama ilivyomtokea sahaba Abu Huraira alipokuwa akilinda zaka ya Ramadhani, akamkamata mwizi kwa sura ya mtu, kisha Mtume (swalla Llahu alayhi wasallam) akamfahamisha kuwa aliyemkamata ni shetani. Na angalia vizuri kisa hicho: Abu Huraira alijua amekamata mwizi. Aliyemweleza kuwa ni shetani ni mwenye kuteremshiwa wahyi. Leo nani atakayetueleza hivyo kwa yakini?

Kwa hiyo muosha vyombo wenu simwiti mwongo, na wala wewe usimwite hivyo. Yeye ana haki ya kusema, "Niliona mtu mwenye kanzu kwenye ngazi, taa zikiwa zimezimwa, nami nimechoka." Huo ni ushahidi. Akisema, "Nilimwona jini," au, "Nilimwona marehemu fulani," ametoka kwenye ushahidi na kuingia kwenye tafsiri. Ndugu zake Yusuf, pamoja na yote waliyoyafanya, walisema kwa baba yao neno la haki pale waliposema kwamba hawakushuhudia ila wanayoyajua. Wahudumu wawili nao waulizwe, kila mmoja peke yake, alizisikia nyayo hizo lini: kabla ya muosha vyombo kusimulia habari ya mzee wa kanzu, au baada yake? Makadhi tangu zamani huwatenganisha mashahidi wakiwatilia shaka, kwa sababu anayesikia kwanza kisa cha mwenziwe, kisha akakaa gizani akikingojea, masikio yake hayako huru tena. Kikao cha Alhamisi kinafanya kinyume cha hayo: kinawakusanya wote chumba kimoja usiku, mbele ya ubani na kamera, na kuwataka wasimulie kwa zamu huku kila mmoja akimsikiliza wa kabla yake. Kwa njia hiyo hakuna kitakachojulikana. Na Allah ametuambia katika Suratul Israa tusiyafuate tusiyo na ujuzi nayo, kwani masikio, macho na moyo, vyote hivyo vitaulizwa.

Nije kwa hao wawili walioletwa. Mtume (swalla Llahu alayhi wasallam) amesema, kama alivyopokea Imamu Muslim katika kitabu chake cha hadithi, kwamba mwenye kumwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, swala yake haikubaliwi usiku arubaini. Na katika hadithi nyengine, mwenye kumwendea kuhani akamsadiki amekufuru yale aliyoteremshiwa Muhammad. Najua tajiri wenu atasema, "Lakini walijua habari za mpishi bila ya kuambiwa." Swali hilo hilo aliulizwa Mtume. Bibi Aisha (radhiya Llahu anha) amepokea kwamba watu walimwambia kuwa makuhani wakati mwengine husema jambo likawa kweli, naye akawajibu kwamba hilo ni neno la kweli ambalo jini hulinyakua, akalitia katika sikio la rafiki yake, kisha wakalichanganya na uongo zaidi ya mia. Wala si lazima twende mbali hivyo. Mpishi aliyekufa akidai haki yake katika mkahawa wa mjini ni habari inayojulikana na muuza maji, bawabu na kila jirani.

Wapo watakaosema kwamba wanawaleta ili kuwachunguza tu. Ni kweli kwamba Mtume alimchunguza Ibn Sayyad, kijana wa Madina aliyekuwa akidai kujua ya ghaibu: alijificha nyuma ya vigogo vya mitende ili amsikie kabla hajajua kuwa anasikilizwa, na safari moja alimfichia neno moyoni akamtaka alitaje, naye akapata kipande chake tu, "dukh", badala ya "dukhan", yaani moshi, Mtume akamwambia kwamba hatavuka daraja yake. Mwanachuoni Ibn Taymiyya alitofautisha baina ya anayemuuliza kuhani ili amsadiki na anayemjaribu ili adhihirishe hali yake, hali ya kuwa mjaribu huyo ana elimu ya kupambanua. Sasa pima: tajiri anayelipa fedha, anayenunua mbuzi na anayeita kamera ili apate wateja, huyo anajaribu au amekwisha kusadiki? Na hata hao majini wanaodaiwa kuwapa habari hawaijui ghaibu. Suratu Saba' inasimulia kwamba Nabii Suleiman alikufa ameegemea fimbo yake, na majini wakaendelea na kazi ngumu bila ya kujua, mpaka mdudu wa ardhi alipoila fimbo ile, akaanguka.

Ama habari ya marehemu, ndiyo iliyoniuma zaidi katika barua yako. Waarabu wa kabla ya Uislamu walikuwa na itikadi kama hii ya wapiga ramli wenu: walidai kwamba aliyeuawa bila kulipiziwa kisasi hutokwa na ndege kichwani, wakimwita hama, akawa analia juu ya kaburi mpaka haki yake ichukuliwe. Mtume akaivunja itikadi hiyo kwa neno moja: "wala hakuna hama." Waliokufa, Suratul Mu'minun inatwambia, mbele yao kuna barzakh, yaani kizuizi, mpaka siku watakapofufuliwa. Mpishi wenu hayuko kwenye ngazi akiangusha sahani. Kumsingizia hivyo ni kumdhulumu mtu asiyeweza kujitetea, na mjane wake akiiona video hiyo mitandaoni atakuwa amefiwa mara ya pili.

Lakini ikiwa ni kweli alikufa akidai mishahara, basi hapo pana jambo la kuogopwa kikweli. Katika hadithi aliyoipokea Imamu Bukhari, Allah anasema kwamba watu watatu Yeye mwenyewe atakuwa hasimu yao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akachukua kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Dawa ya deni hilo ni kuhesabiwa madaftari, kujulikana ni miezi mingapi, na fedha kufikishwa mikononi mwa warithi. Thamani ya mbuzi huyo ipelekwe huko. Na kumchinja mlangoni kwa ajili ya kumridhisha mzimu au jini ni katika yale ambayo Mtume amemlaani mwenye kuyafanya, kwa hadithi ya Ali iliyomo katika Muslim. Nyama yake pia hailiki, basi tahadharini isije ikaingizwa jikoni wakauziwa watu.

Sasa vichwa vyenu. Jabir bin Abdillah amepokea kutoka kwa Mtume amri ya kufunga milango usiku, kufunika vyombo na kuzima taa, kwani shetani hafungui mlango uliofungwa, na panya huenda akawaunguzia watu nyumba. Nimeisomesha hadithi hii miaka mingi na kila mara hunisimamisha: shetani na panya wametajwa pamoja, na mwenye kutuhadharisha na wa ghaibu ndiye aliyetuamuru tumwangalie na wa rafuni. Marehemu mwalimu wangu aliitwa siku moja shamba, upande wa Kwale, kwenye nyumba ya makuti iliyosemwa kuwa mtoto analia darini kila usiku. Familia imekwisha kuhamia kwa jirani. Alisoma Ayatul Kursiy, akakaa kimya mpaka kilio kikaanza, kisha akaomba ngazi na tochi. Akapanda mwenyewe, na umri ule. Juu ya boriti macho mawili mekundu yakamkodolea: komba, na mwanawe mgongoni.

Ninyi mmeingiza jiko la mkaa ndani ya nyumba ya mawe, madirisha yamefungwa kwa mvua, na tangu hapo mnaumwa na kichwa. Mkaa ukiungua pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu mahali pa oksijeni. Mtu huumwa na kichwa, huchanganyikiwa, na ikizidi hufa. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, alichapisha habari za familia iliyohamia nyumba ya kale, wakawa wanaumwa na vichwa, wanasikia nyayo na kuona watu wasiokuwepo, wakaamini nyumba ina mizimu. Ikagundulika kwamba tanuru ya kupashia nyumba joto ilikuwa mbovu, ikiusukuma moshi wake vyumbani badala ya bombani. Ilipotengenezwa, yote yakakoma. Sisemi kwamba nina hakika yaliyowapata ndiyo yanayowapata ninyi. Nasema jiko hilo litoke ndani leo kabla ya Magharibi, usisubiri Alhamisi, na anayehisi kizunguzungu atoke nje na aende hospitali, kwa sababu kuhifadhi nafsi ni wajibu. Kisha aitwe fundi aitazame rafu ya sahani na sakafu ya ghorofani.

Kuhusu video, mkumbushe tajiri wako kwa upole yaliyotokea Moss Beach, katika jimbo la California. Huko kuna mkahawa juu ya jabali la bahari uliojulikana miaka mingi kwa kisa cha mwanamke wa mavazi ya buluu, na watu wa kipindi cha televisheni walipokwenda kuuchunguza, walikuta vyombo vilivyofichwa: taa inayoyumbishwa, sauti ya mwanamke chooni, uso unaojitokeza kwenye kioo. Simtuhumu tajiri wako kwa jambo kama hilo. Ila mwenye kuutangaza mzimu ili auze chakula tayari anauza asichokijua, na Mtume amesema anayetughushi si katika sisi.

Ikiwa baada ya moshi kutoka na rafu kukazwa bado mnaona mnayoyaona, basi hatukuachwa bila ya kinga. Isomwe Suratul Baqara humo ndani, isomwe na mtu wa kawaida miongoni mwenu, si kwa malipo, kwani Mtume amesema shetani huikimbia nyumba inayosomwa sura hiyo. Kila anayeingia zamu aseme: A'udhu bikalimati Llahi ttammati min sharri ma khalaq, yaani najikinga kwa maneno ya Allah yaliyotimia na shari ya alivyoviumba. Khaula bint Hakim amepokea kwamba mwenye kuyasema hayo anapofika mahali hadhuriwi na kitu mpaka aondoke hapo. Na bismillahi isemwe wakati wa kufunga milango.

Kazi yako usiiache kwa sababu ya nyayo. Upishi na uhudumu ni kazi za halali, na wewe ukiwa msimamizi unao uwezo wa kufungua madirisha na kuwatetea wadogo zako wasilazimishwe kuchanga. Zungumza na tajiri faraghani, si mbele ya wafanyakazi, umuanzie na habari ya moshi, kisha ya mjane. Akikulazimisha uhudhurie kikao, kataa. Na akikufukuza kwa hilo, riziki haiko mkononi mwake. Ukiona anakuelekea lakini ana wasiwasi, mlete msikitini baada ya Isha siku yoyote kabla ya Alhamisi, nami nitakwenda naye mpaka mkahawani, tupande hiyo ngazi pamoja.

Wallahu a'lam.