Mmumunye kwa mbegu: chunga saa ya maua

Kilio cha wengi wanaopanda mmumunye nyumbani ni kimoja: mmea umetanda, maua meupe tele, lakini vitunda vinageuka njano na kudondoka vikiwa na ukubwa wa kidole gumba. Watu hukimbilia kuongeza mbolea, na mara nyingi kosa si mbolea. Maua ya mmumunye hufunguka jua linapozama na kunyauka siku inayofuata. Nyuki wa mchana mara nyingi huyakuta yameshajikunja. Wachavushaji wake hasa, yaani wadudu wanaobeba chavua (unga wa ua dume) hadi ua jike, ni nondo wa usiku, na si kila bustani ina nondo wa kutosha. Kitunda kisichochavushwa ndicho hicho kinachodondoka.

Tuanze na mbegu. Ganda lake ni gumu, ndiyo maana huchelewa kuota. Chagua zilizojaa, inayobonyea ukiibana vidoleni haina kitu. Sugua kingo taratibu kwa msasa bila kufikia kiini, kisha loweka kwenye maji ya uvuguvugu saa 12 hadi 24. Usizidishe, mbegu hukosa hewa ikaoza. Atika kila moja kwenye chombo chake, kina cha sentimita 2, maana mizizi ya mmumunye haipendi kusumbuliwa. Udongo ukiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30, miche hutokeza baada ya wiki moja au mbili. Udongo baridi uliolowa huozesha. Mche ukitoka ganda likiwa limeng'ang'ania majani, lilainishe kwa matone ya maji. Ukilivuta kavu utayachana.

Hamisha miche ikiwa na majani halisi mawili au matatu, yaani yanayofuata yale mawili ya kwanza yaliyotoka kwenye mbegu. Chimba shimo la sentimita 40 upana na kina, changanya udongo na ndoo moja ya samadi iliyooza vizuri, na uache mita moja na nusu kati ya shimo na shimo. Samadi mbichi huunguza mizizi, na naitrojeni ikizidi utavuna majani. Mahali pawe na jua la kutosha. Jenga kichanja imara cha mita 2 mapema, kwa sababu mmea huu ni mzito kuliko unavyodhani.

Shina kuu likifika juu ya kichanja, kata ncha yake. Shina hilo hutoa zaidi maua dume. Maua jike huja kwa wingi kwenye matawi ya pembeni. Ua dume limesimama kwenye kikonyo chembamba kitupu. Ua jike lina kitunda kidogo chenye manyoya nyuma yake, kama mumunye kamili katika umbo dogo.

Jioni maua yakishafunguka, chuma ua dume, ondoa petali zake, ubaki na kijiti chenye chavua katikati. Kigusishe polepole kwenye sehemu yote ya kati ya ua jike. Ua dume moja linatosha maua jike mawili. Baada ya siku chache kikonyo kikianza kuinama na kitunda kunenepa, kazi imefanikiwa. Wiki za mwanzo maua dume huja peke yake. Hilo ni kawaida, usifadhaike.

Inzi wa matunda hutoboa vitunda vichanga na kutaga ndani. Tone la utomvu na kupinda upande mmoja ndizo dalili zake. Vifunike kwa mifuko ya karatasi mara tu baada ya uchavushaji, na vilivyotobolewa vizikwe kwa kina, visiachwe chini ya mmea.

Mumunye la mboga lichumwe changa, ngozi ikiwa bado na manyoya na kucha ikipenya bila shida. Kabla ya kupika, onja kipande kidogo kibichi. Likiwa chungu, tema na ulitupe lote. Uchungu huo ni sumu na kupika hakuuondoi.

Anayetaka kibuyu aache matunda machache kwa kila mmea, yakauke mpaka kikonyo kiwe cha kahawia. Kata ukiacha kikonyo, weka penye kivuli na hewa, geuza kila wiki. Ukungu juu ya ngozi si tatizo, utapanguswa baadaye. Sehemu inayobonyea ndiyo inayooza. Kukauka huchukua miezi. Kibuyu kiko tayari kikiwa chepesi na mbegu zikicheza ndani ukikitikisa.