Ni Nani Atakupelekea Chumvi?

Mwanangu Aika,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Uru ni Julai ile ile unayoijua: ukungu toka asubuhi, kilele cha Kibo hatujakiona wiki nzima, na mama yako anakohoa lakini hakubali kwamba anakohoa.

Swali lako nimelisoma mara tatu. Unauliza kama ni makosa mtu aliyechoka na watu kwenda kukaa peke yake porini, na hao wanaofanya hivyo wanaishije. Ukaongeza nisikujibu kwa maneno ya kanisani. Sawa, ila itabidi nipite huko kidogo, kwa sababu Antoni wa Misri hakwepeki. Alizaliwa yapata mwaka 251, akagawa mashamba ya urithi, akajifungia kwenye ngome kuukuu jangwani kwa karibu miaka 20. Watu wakimtaja hukumbuka mashetani aliopigana nao. Mimi nakumbuka mikate. Kuna watu waliompelekea mara mbili kwa mwaka, wakaipitisha kwa juu.

Nikisoma habari za watu wa namna hii, hilo ndilo ninaloliangalia: chumvi na mkate vilitoka wapi.

Kuna familia moja ya Urusi, akina Lykov. Walikuwa Wakristo wa mapokeo ya zamani, wakakimbilia misitu ya Siberia mwaka 1936 kwa kuogopa serikali. Wanajiolojia waliwakuta mwaka 1978, zaidi ya kilomita 200 kutoka kijiji chochote. Walipopewa zawadi wakakataa zote, wakapokea chumvi tu. Mwaka 1961 theluji iliwaharibia bustani, mama akafa njaa ili watoto wale. Punje moja tu ya nafaka ikaota. Wakaizungushia ua, wakailinda usiku na mchana isiliwe na panya, ikazaa punje 18. Hebu fikiria kuhesabu punje, Aika. Binti yao Agafia alibaki huko huko hata baada ya wenzake wote kufa, na anapapenda, lakini amekubali kuletewa vitu na kusaidiwa kuni.

Mwingine ni yule Mmarekani, Christopher Knight, aliyekaa msituni Maine miaka 27. Hakuwasha moto hata wakati wa baridi kali, moshi usije ukamfichua. Utamsifu mpaka usikie kwamba chakula alikiiba kwenye nyumba za watu, mara kama 1,000, hadi alipokamatwa mwaka 2013. Huyo watu walimlisha bila kuulizwa. Simchukii, ila simhesabu pamoja na Antoni.

Na sisi tulikuwa na wetu. Nilipokuwa mtoto kulikuwa na mzee mwenye kibanda juu ya mfongo, ule mfereji wa maji ya mashamba, pale msitu unapoanza. Tulimwita Mzee wa Juu. Sababu ya kujitenga hatukuambiwa. Wakubwa walisema tu, "Amechoka maneno." Kila Jumamosi bibi yako alinituma na kibuyu cha maziwa nikitundike kwenye mti wa mringaringa. Wiki inayofuata nakikuta kimeoshwa, kimegeuzwa mdomo chini. Naye alizibua majani kwenye banio la mfongo, tunaamka maji yanatembea mpaka migombani. Hakuna aliyewahi kumshukuru, wala yeye hakushukuru.

Jumamosi moja nikakuta maziwa ya wiki iliyopita yamo mle mle, yamegeuka, sisimizi wamejaa mdomoni. Nikapanda. Alikuwa amekaa mlangoni, mguu umevimba kama mgomba. Akanifokea, "Nani kakuita?" Kisha akasogea kidogo, akaniachia nafasi pale kwenye gogo. Nikakaa. Hatukusema kitu mpaka mbuzi wa watu walipoanza kurudishwa, ndipo nikateremka kumwita baba.

Kwa hiyo makosa siyaoni. Ila msituni kwenyewe huwezi. Msitu wa juu uliingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, KINAPA, mwaka 2005, na askari wake hawamjui mtawa, wanamjua mvamizi. Kuna kile kibanda chetu cha juu kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, tulichokuwa tunawekea mashine ya kumenyea kahawa. Mabati yake ni mazima. Simu hapo haishiki, nadhani ndicho unachotaka. Kaa miezi utakayo, sitapanda kukuuliza yaliyokupata Dar wala nani kakuudhi. Sharti langu ni moja: ndoo ya maziwa nitaitundika Jumamosi, na wewe uigeuze.

Nimemsomea mama yako barua hii. Ameuliza utakula nini huko juu, nikamwambia chakula kitapatikana. Hajaridhika. Toka jana ameanika ndizi uani, na jua lenyewe halipo.

Baba yako