Maswali yenu: mavu wa Asia na mafuta ya taa

Mavu wakubwa wa Asia wamefika Mombasa? (Kisauni, Tudor, Mikindani na wengine wengi)

Hapana. Nimeshalijibu hili na bado ile video inayodai wamefika mwaisambaza. Makwao ni Japani, Uchina, Korea, India na jirani zake. Mwaka 2019 walionekana Kanada na jimbo la Washington, Marekani. Wakasakwa, na Desemba 2024 Marekani ikatangaza imewamaliza. Kabla hujasambaza, uliza video ilipigwa wapi.

Mdudu mweusi mnene anatoboa boriti za paa langu. Ndiye? (Bamburi)

Siye. Huyo ni nyuki wa mbao. Tazama tundu lake: duara safi kama la keekee, na unga wa mti chini yake. Dume hana mwiba, jike hauma mpaka umbane. Kama una pasheni uani, huyo ndiye anayekuzalishia.

Mavu mmoja aweza kuua mtu?

Mwenye mzio, ndiyo, na hata nyuki wa kawaida aweza kumuua. Yule mavu mkubwa wa Asia ana mwiba wa karibu milimita 6 usiobaki kwenye ngozi, kwa hiyo huuma tena na tena. Mwaka 2013 mavu waliua watu zaidi ya 40 katika jimbo la Shaanxi, Uchina. Lakini kinachoniumiza roho ni kuchelewa kwetu wenyewe. Midomo ikivimba, koo likibana, vipele vikienea mwilini au mtu akiishiwa nguvu, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo. Anahitaji sindano ya adrenalini, si ndimu wala dawa ya meno. Aliyeumwa mara nyingi aende hata kama anajisikia mzima, kwani sumu huweza kuharibu figo baadaye.

Mavu wamejenga kwenye makuti ya kibanda changu. Petroli au mafuta ya taa? (Likoni)

Bwana, makuti na moto! Usimwage chochote. Kiota kikiwa mbali na mlango, kiache. Kikiwa pabaya, zuia watoto, usitupe mawe, mtafute mzoefu mwenye mavazi kamili. Na wale mnaochoma makundi ya nyuki kwenye miembe, acheni. Wafugaji wapo, watawahamishia mzingani bila kuteketeza mti.

Hao mavu wa Asia wanaweza kuingia kwa meli? Nafanya kazi ya kupakua makontena Kilindini.

Ndiyo, na ningependa wote wangeuliza hili. Ufaransa ilipata mavu wengine wa Asia, wenye miguu ya njano, yapata mwaka 2004. Inaaminika walifika ndani ya shehena ya vyombo vya udongo kutoka Uchina, na leo wameenea nchi kadhaa za Ulaya wakiwala nyuki. Malkia mmoja aliyepandwa anatosha kuanzisha kizazi. Kontena likifunguliwa ukaona mavu usiyemjua, usimponde ukamfagia. Mpige picha, na akiwa amekufa mtie kwenye chupa, kisha waite wakaguzi wa KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, pale pale bandarini kabla mzigo haujatoka getini.