Kijiji cha mizimu: maneno machache kwa masta wapya

Wadogo zangu, nimepita kwenye meza zenu za karibuni za mchezo wa kuigiza kwa dadu, ule ambao masta anasimulia kisa na kila mchezaji anaamua mhusika wake afanye nini, Mwanjelwa na kule Iyunga, na kila masta mpya ana kijiji kilekile. Wachezaji wanafika jioni, ukungu unatanda, kengele inalia yenyewe, mzimu unatokea, rusheni dadu. Nikiuliza mzimu unataka nini, najibiwa, "Unatisha tu, kaka." Haya. Karatasi ya mhusika mnaijua, mpangilio wa zamu mnaujua, sitaanzia huko.

1. Acheni ukungu. Tuko Mbeya jamani. Mtu aliyekulia Uyole au Tukuyu ameenda shule ndani ya ukungu utoto wake wote, sweta limelowa, wala hakuwahi kudhani kuna mzimu. Ukungu watisheni nao watu wa Dar. Mtu wa huku anashtushwa na kitu kilichokosekana: asubuhi ya mwezi wa saba, baridi inakata vidole, na hakuna paa hata moja kijijini linalotoa moshi. Au mahame ambayo migomba yake imepaliwa, majani makavu yamekatwa juzi, na hakuna anayeishi pale. Hiyo ya migomba niliwapa vijana wa Rungwe, karanga zikabaki kwenye sahani hakuna aliyezigusa. Nikawapa kundi lenye watu wa Makambako, wakauliza kama ndizi zimeiva wakate mkungu. Ikabidi niseme zimeiva. Walikula ndizi za wafu wakashiba, na kikao kizima kilichofuata kikawa cha kuzilipa.

2. Kijiji hakiwi mahame kwa sababu masta anatafuta pa kutishia watu. Kati ya 1973 na 1976 nchi hii ilihamisha watu kwa mamilioni kwenda vijiji vya ujamaa. Kaeni na babu yeyote awasimulie nyumba iliyoachwa na kaburi la baba yake lililobaki kule peke yake. Hapo kijiji chako kimeshajiandika: walio hai wamesogezwa barabarani, wafu wamebaki nyuma na hakuna anayewamwagia pombe. Wa Iringa nao wana Kalenga, makao ya Mkwawa, mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Mkwawa alijiua 1898, kichwa kikakatwa na kupelekwa Ujerumani, Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaagiza kwenye kifungu cha 246 kirudishwe, na fuvu likafika nyumbani 1954. Simaanishi mumgeuze Mkwawa kuwa adui wa levo ya tatu, mtafukuzwa Iringa nzima na nitawacheka. Nasema angalieni jinsi kisa kilivyokaa: marehemu anadai kitu kinachojulikana, kipo mahali panapojulikana, na kuna walio hai wenye sababu ya kuchelewa kukirudisha. Kwa hiyo andika walio hai kwanza. Nani alinufaika na kifo hicho, nani anajua, nani amenyamaza. Mzimu utaandikwa mwisho kwa mistari miwili na utatosha.

3. Hesabu za mzimu zisomeni kabla ya kikao. Katika Dungeons & Dragons toleo la tano, lile la 2014, ambao ni mchezo maarufu wa aina hii, mzimu una pointi 45 za uhai na silaha za kawaida zinauumiza nusu. Ukionyesha sura yake, na mchezaji akashindwa dadu ya kuuhimili kwa pointi 5 au zaidi, mhusika wake anazeeka kati ya miaka 10 na 40 papo hapo. Kuna masta mmoja aliwarushia huo wachezaji wa levo ya kwanza. Mhusika mmoja, mpiganaji wa miaka 22, akatoka na miaka 62, na uganga wa kuurudisha ujana wake ulikuwa levo nane mbele. Mpaka leo kijana aliyekuwa akimchezea akifika mezani anaamkiwa shikamoo, naye anaitikia marahaba bila aibu.

4. Bibi wa mwisho wa kijiji. Hapa naomba msome taratibu, maana wiki iliyopita nimemwona tena, kwenye meza ya kijana ninayempenda sana.

Kijiji changu cha kwanza kilikuwa na watoto wanaougua bila sababu. Mwisho wa njia, karibu na korongo, nilimweka bibi anayeishi peke yake. Macho mekundu, paka, chungu kinachochemka usiku. Nilijiona fundi. Viashiria vyote nilivielekeza kwake, na jibu nililokuwa nimeliandika ni kwamba ni kweli, bibi ndiye anayewaamsha wafu. Wachezaji walifanya nilichowafundisha kufanya. Waliizunguka nyumba usiku, mchezaji mwenye mhusika mwizi akaziba mlango kwa gogo, mwingine akauliza nyasi za paa ni kavu kiasi gani. Nikamwambia kavu sana. Nikasimulia moto kwa raha zote, nikaigiza mpaka sauti ya bibi akiomba, meza inashangilia, nami nimesimama.

Mchezaji ambaye mhusika wake ni kasisi aliweka penseli chini. Akasema kasisi wake amebaki nje ya kijiji, hakuja. Nikamtania kwamba kasisi ameogopa. Akacheka kidogo, akamaliza chai yake, akaaga kwa heshima. Kikao kilichofuata hakutokea, na mimi, kwa akili zangu za wakati ule, nikampa mhusika wake mtu mwingine.

Nilikuja kukutana naye sokoni. Hakunigombeza, aliniita kaka kama kawaida, na hilo ndilo lililoniuma. Akanieleza kwamba bibi yake mzaa mama alihamishwa kijijini kwao usiku, amefunikwa turubai nyuma ya pikapu, kwa sababu watoto wa jirani walikuwa wanakufa na yeye ana macho mekundu. "Macho ya moshi, kaka. Kapika jikoni kwa kuni maisha yake yote." Nilitafuta la kusema nikakosa. Nchi hii vikongwe wanauawa kweli kwa macho hayo. Kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa tangu Sheria ya Uchawi ya 1928, na mimi nilikaa nikawafundisha watu wazima wanne namna ya kuziba mlango, halafu nikawapa pointi za uzoefu kwa kazi nzuri.

Nilikiandika upya kijiji chote. Bibi yumo bado, macho yaleyale, ila sasa ndiye pekee anayekumbuka majina ya waliozikwa korongoni, na anayewasha moto wa maneno ni mwenyekiti aliyeuza eneo la makaburi. Kila kundi nililolipitisha pale lina mtu anayependekeza kumchoma bibi. Nawaacha wabishane wenyewe. Wakifika kwenye gogo na mlango, majina yanapotea naye na kijiji hakiponi, na hilo nawaonya mapema kupitia mtoto anayemchotea bibi maji. Kasisi nilimwomba radhi, akarudi baadaye akiwa mpiganaji.

Tangu siku hiyo ile kadi yenye herufi X, aliyoibuni John Stavropoulos, inakaa katikati ya meza yangu: anayeigusa, tunaruka tukio bila kumhoji. Usinyanyue nyusi mtu akiigusa. Na kabla ya kikao cha kwanza waulize watu wasichotaka kukiona mezani, mmoja mmoja, si mbele ya wote.

5. Siri moja iwekeeni viashiria vitatu vya kuifichua, na kimoja kisihitaji dadu kabisa.

6. Majina ya wanakijiji yaandike kabla. Mkishtukizwa wote mnataja Mwakyusa, na kijiji kinakuwa na Mwakyusa saba, wawili wakiwa marehemu.

7. Tazameni saa. Pambano la mwisho lisianze saa tatu usiku, kwa sababu mwenye kurudi Uyole anaanza kuwaza bajaji na atapiga kura ya kuchoma chochote ili mchezo uishe. Mkichelewa, masta ndiye anachangia nauli.