Simu mpya, barua pepe ya kijana wa dukani

Pesa ya pamba ikianza kuzunguka, hata maswali mnayoniletea hubadilika. Juzijuzi mlikuwa mnalia bando linaisha kabla ya magharibi. Sasa kila mtu anahama. Kutoka TECNO kwenda Samsung, kutoka Samsung kwenda iPhone, na mmoja wa Magu anarudi kwenye kitochi kwa hasira. Huyo hana swali, nampongeza tu. Wale mliouliza "simu gani nzuri?" bila kutaja mna shilingi ngapi mfukoni, tutaonana mkishazihesabu.

Nikitoka TECNO kwenda iPhone, pesa zangu za M-Pesa zitahamaje? (Igoma)

Haziendi popote. Pesa ziko kwenye laini, simu ni dirisha tu la kuzichungulia. Chomoa laini, weka kule, piga *150*00# kama siku zote. Swali hili nimeshalijibu hadi nimechoka, ila naongeza moja ambalo hukuliuliza: programu ya benki ikiona simu mpya itakutaka ujisajili upya, na hapo ndipo matapeli wanapopenda kukaa. Jisajili mwenyewe. Akikupigia mtu anayejiita wa huduma kwa wateja, eti anataka akusaidie kuhamisha akaunti, ni mwizi. Iripoti namba yake kwa kutuma meseji kwenda 15040, na namba yako ya siri usimtajie hata shemeji.

Shikamoo baba. Nauza dagaa mwaloni Kirumba. Nimenunua Samsung, mwanangu kaiwasha, inadai barua pepe na paswedi. Mimi sina barua pepe. Majina ya wateja wangu wote yako kwenye Infinix ya zamani. Nifanyeje?

Marahaba, mama. Barua pepe unayo, ila si yako.

Simu ya Android haishushi WhatsApp kutoka Play Store bila akaunti ya Google ndani yake. Siku uliyonunua Infinix, kijana wa dukani alikuuliza jina, akabonyezabonyeza dakika tatu, akakurudishia simu ikiwa tayari. Katika dakika hizo tatu alikufungulia akaunti, akajichagulia nywila, akaweka namba yake ya simu kuwa ndiyo ya kurejeshea, na hakukuandikia chochote hata kwenye boksi. Au hakufungua kabisa: alikuwekea ileile anayowawekea wateja wote.

Mwenzako mmoja wa hapohapo mwaloni aliniletea simu ya namna hiyo. Tundu la chaji lilikuwa limeziba kwa vumbi la dagaa, nikalichokonoa kwa kijiti cha meno kabla halijakubali waya. Ilipowaka tukaanza kupitia majina. "Mkongo Dagaa Kubwa", wa kwake. "Baba Shida Kahama", wa kwake. "Mama Pili Usikopeshe", wa kwake, na akanieleza kwa nini. Kisha tukakutana na "Fundi Bomba Geita", "Mchungaji Mpya", "Kipenzi 2". Hao yeye hawafahamu. Kijana alikuwa ametumia akaunti moja kwa wateja wengi, na Google, ambayo kazi yake ni kuchanganya majina yaliyo chini ya akaunti moja, ikawapakulia wote sahani moja. Kwa hiyo yupo mtu Geita ambaye hadi leo anashangaa Mama Pili ni nani na kwa nini asikopeshwe.

Sasa wewe. Infinix ikiwa bado inawaka, usiifute wala usimpe mtu. Fungua programu yake ya majina, tafuta pa kuhamishia majina nje. Itakutengenezea faili moja linaloishia na vcf. Hapo haidai nywila ya kijana. Litume faili kwa WhatsApp kwenye simu ya mwanao, au liweke kwenye memori kadi. Kisha mfungue akaunti mpya, kwa jina lako na kwa namba yako iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Iwekeni kwenye Samsung, ndipo mlifungue lile faili na majina yataingia kwako. Nywila iandike kwenye daftari la madeni. Hilo najua hulipotezi.

Mazungumzo ya WhatsApp nayo yana njia isiyopita kwa kijana. Tangu 2023 WhatsApp inahamisha gumzo kutoka Android kwenda Android moja kwa moja: kwenye simu ya zamani unaingia mipangilio, gumzo, hamisha gumzo, halafu unaisomesha ule mraba wa QR unaotokea kwenye simu mpya. Zikae karibu, zote zikiwa na chaji, na usiende kupima dagaa katikati ya safari.

Wenye maduka nimeshawaambia hili, wananijibu wateja wana haraka. Sawa. Lakini aliyekuuzia nyumba habaki na ufunguo.

Nimechoka na TECNO, nataka kampuni tofauti kabisa. Infinix inafaa? (Buhongwa)

TECNO, Infinix na itel zote ni za Transsion ya Shenzhen, China. Umehama chumba, nyumba ni ileile.

Kuna iPhone 6 naiona Makoroboi kwa bei ya kutupa. Nataka niachane na Android. Ushauri? (Mwanafunzi, Malimbe)

Imetoka 2014, mfumo wake uliishia iOS 12, na WhatsApp iliacha kufanya kazi juu yake tarehe 5 Mei 2025. Utakuwa umenunua kioo cha kujitazamia. Bei ya kutupa maana yake kuna aliyekwisha kuitupa.

Ila sitaki ukimbilie iPhone 11 ya mtumba kwa machozi, kwa hiyo sikiliza. Usinunue iPhone iliyokwisha kuwashwa na kupangwa vizuri mezani. Mwambie muuzaji aifute mbele yako, aiwashe upya hadi ukurasa wa mwanzo. Ikidai akaunti ya Apple ya mtu mwingine, mrudishie na uondoke, hata akikuapia kwamba kuna fundi wa kuifungua kwa elfu thelathini. Kufuli hilo Apple waliliweka 2013 makusudi, ili simu ya wizi isiwe na thamani, na fundi wa elfu thelathini halifungui. Halafu ingia kwenye mipangilio, sehemu inayoeleza habari za simu, uone kama haijafungwa kwa mtandao mmoja wa nje. Angalia afya ya betri. Chini ya asilimia 80 jiandae kuibadilisha, na gharama hiyo uitoe kwenye bei leoleo.

Baada ya hapo piga *#06# upate IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, uitume 15090 uone TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanaitambuaje. Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchi nzima, wewe ulikuwa shule ya msingi. Sisi tuliokuwa mjini tunakumbuka watu walivyoamka asubuhi wameshika vipande vya plastiki.

Na hii ni kwa mtumba wa aina yoyote, si iPhone pekee: muulize muuzaji kama simu ilichukuliwa kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo. Aliyekopa akiacha kulipa, inajifunga ikiwa mkononi mwako, na deni si lako lakini giza ni lako. Dai risiti yenye IMEI. Anayekuambia "sisi hapa tunaaminiana" hajawahi kuulizwa na polisi simu aliitoa wapi.

Natumia laini mbili, Airtel na Voda. Zote zitaingia kwenye iPhone? (Sengerema)

Inategemea ilikouzwa mara ya kwanza. Nyingi, tangu XS na XR za 2018, zinachukua laini moja ya kadi na nyingine ya eSIM, ile isiyo na kadi. Zilizotengenezwa kwa soko la China na Hong Kong unaweza kuzikuta na nafasi ya kadi mbili. Zile za Marekani kuanzia iPhone 14 hazina kabisa mahali pa kuchomeka laini. Utazungusha simu pande zote ukitafuta tundu, halipo. Kabla hujalipa, nenda kwenye duka la mtandao wako uulize kama watakupa eSIM kwa modeli hiyo. Mjomba aliyeko Texas anapokutumia zawadi, mwambie hili kabla hajapanda ndege.

Mimi nafanya kinyume cha wenzangu: natoka iPhone 12 kwenda Samsung. Nipoteze nini? (Nyegezi)

Usipoteze chochote, ila fuata utaratibu. Kwanza, laini ikiwa bado kwenye iPhone, zima iMessage, yaani meseji za Apple za iPhone kwa iPhone. Ukisahau, ndugu zako wenye iPhone wataendelea kukutumia meseji zinazokwenda kwenye simu usiyokuwa nayo, na utaambiwa unaringa. Pili, WhatsApp inahama kwa waya wa USB-C upande mmoja na Lightning upande wa pili, kupitia programu ya Smart Switch ya Samsung, na inataka Samsung iwe mpya au imefutwa. Ukiisha kuipanga, umechelewa, unaifuta tena. Waya uwe mzuri, si ule wa buku mbili wa barabarani unaochaji kwa kuinamishwa.

Picha zako kama ziko iCloud, ghala la mtandaoni la Apple, shusha zote kwanza. Kule unapewa GB 5 za bure, Google wanatoa 15, ila tangu 2024 hifadhi ya WhatsApp ya Android nayo inahesabiwa humo, kwa hiyo punguza zile video za "habari za asubuhi" zenye maua.

Simu yangu ya Android iliniponyoka kwenye kivuko cha Kamanga, ikazama. Nataka nitumie nafasi hii kuhamia iPhone. Meseji zangu za WhatsApp nitazipata?

Pole. Laini nenda kairudishe dukani kwa mtandao wako ukiwa na namba ya NIDA na kidole chako. Namba ikirudi, umerudi wewe.

Meseji, kama ulikuwa umewasha hifadhi, ziko Google Drive. Tatizo ni kwamba WhatsApp ya iPhone haisomi kilichohifadhiwa Google Drive. Watu wengi wanakosea hapa: wananunua iPhone, wanaweka laini, wanafungua WhatsApp, wanakuta patupu, wanaanza kulaumu ziwa. Azima Android ya ndugu kwa siku moja. Weka akaunti yako ya Google, sajili WhatsApp kwa namba yako, kubali kurejesha, subiri meseji zishuke. Kisha, iPhone ikiwa bado haijapangwa, shusha programu ya Move to iOS kwenye hiyo Android na uhamishe: majina, meseji, picha na WhatsApp vyote vinapita hapo. Namba iwe ileile. Njia hii kwa WhatsApp ipo tangu 2022, sijui kwa nini bado watu wanalipa fundi. Ukimaliza, toa akaunti yako kwenye simu ya ndugu kabla hujairudisha, la sivyo na wewe utakuwa umezaa Mama Pili mwingine.

Na wewe wa Ukerewe uliyeniambia umeifukia iPhone yako kwenye mchele: Apple wenyewe wamekataza, chembe za mchele zinaweza kuiharibu. Upike.

Natumia GB WhatsApp. Nahamiaje iPhone bila kupoteza meseji? (Pasiansi)

Huhami. Programu hiyo si ya WhatsApp, njia za WhatsApp haziitambui, na namba yako inaweza kufungiwa wakati wowote. Yote haya kwa ajili ya kusoma meseji zilizofutwa na mtu anayekukwepa?

Nina memori kadi ya GB 64 imejaa nyimbo. iPhone inaipokea? (Dereva wa hiace, Buzuruga)

iPhone haijawahi kuwa na nafasi ya memori kadi. Wala wale vijana wa stendi wanaokuingizia nyimbo mia mbili kwa buku hawataweza kukusaidia kirahisi hivyo. Kama gari linategemea nyimbo hizo, bakiza Android yako kwenye dashibodi na iPhone iweke mfukoni. Wabeja kwa kuuliza kabla ya kununua, wengine huniuliza baada.

Nimeshahamia simu mpya. Ile ya zamani, Redmi, nataka kumpelekea mpwa wangu Bunda. Naifuta kwa kubonyeza vitufe vya pembeni, sivyo? (Mabatini)

Sivyo. Ukiifuta kwa vitufe akaunti ya Google ikiwa bado ndani, itawaka Bunda na kumdai mpwa nywila yako; Android zina kinga hiyo tangu 2015. Atakuwa amepokea tofali lenye kava. Anza kwenye mipangilio: toa akaunti ya Google, toa na ile ya Xiaomi, kisha ndipo uifute humohumo kwenye mipangilio. Chomoa laini na memori kadi. Na kwa ushauri wangu usiifanye kazi hii leo. Ikae kabatini wiki mbili, kwa sababu siku ya tisa ndipo utakumbuka picha ya cheti cha mtoto uliyoipiga na hukuihamisha.

Na kama ile akaunti iliyomo hujui nywila yake kwa kuwa uliwekewa dukani, usibonyeze chochote. Soma kwanza nilichomjibu mama wa mwaloni.