Nyuzi zimepatana, akordi inakwaruza

Ninapanga gita kwa kugusa uzi kidogo tu juu ya chuma cha 5 na cha 7, ulie kama filimbi. Nyuzi zinapatana kabisa, lakini nikipiga sol na si pamoja, zinakwaruza. Gita ni bovu? (Mpiga gita, Katuba)

Hapana, ndugu yangu, gita ni zima na masikio yako pia. Filimbi hizo zinakupa uwiano safi wa mitetemo, 3 kwa 2, ule wa do na sol. Ukipanda hivyo mara nne, sol, re, la, mi, si, kisha ukarudi ndani ya oktava moja (do hadi do ya juu yake), sol na si zinakuwa 81 kwa 64. Sikio linataka 80 kwa 64, yaani 5 kwa 4. Hiyo moja iliyozidi ndiyo inayokukera. Inaitwa koma ya Didymus, Mgiriki wa kale. Chagua uzi mmoja, upangie nyingine zote kwa huo huo, ukibonyeza vyuma badala ya kutumia filimbi.

Kwaya yetu inaimba bila kinanda. Kinanda kikiingia ubeti wa mwisho, tumeshashuka. Mwalimu anasema tunazembea. (Mama wa sauti ya pili, Kamalondo)

Mama, uchovu unashusha kwaya, sikatai. Lakini hata kwaya isiyochoka inaweza kuhama. Mwitalia Giovanni Battista Benedetti alilionyesha hilo katika kitabu kilichochapwa 1585. Imbeni akordi za do, la, re, sol, kisha do tena, mkisafisha kila moja na kushikilia sauti inayobaki: mtarudi chini kwa koma nzima, senti 21.5 hivi (senti ni kipimo cha umbali kati ya sauti mbili). Nusu toni ya kinanda ni senti 100. Mzunguko huo mara tano, mmeshaivuka! Mwalimu achunguze akordi za wimbo kabla ya kuwalaumu.

Nani aliamua nusu toni 12 za kinanda zilingane? (Mwanafunzi, Ruashi)

Si mtu mmoja. Zhu Zaiyu, wa ukoo wa kifalme wa Ming huko China, alipiga hesabu ya kuzilinganisha mwaka 1584. Shida ni kwamba kwinti safi 12 (kwinti ni umbali wa do na sol) zinapita oktava 7 kwa senti 23.5 hivi, basi kila kwinti inapunguzwa karibu senti 2. Hasara kubwa iliangukia do na mi, zilizotanuka karibu senti 14. Tumezoea tu.

Programu ya simu inasema likembe ya babu, ala ya ndimi za chuma, ina makosa. Nisogeze ndimi zake? (Kijana, mtaa wa Kenya, Lubumbashi)

Usiziguse! Programu hiyo inajua ngazi moja tu ya sauti, ya kinanda. Senti zenyewe zililetwa na Mwingereza Alexander Ellis miaka ya 1880. Alipima ala za mataifa mengi, na mwaka 1885 akasema wazi kwamba hakuna ngazi moja ya asili kwa watu wote. Rekodi kila ulimi ukilia peke yake, uandike senti zake kwenye daftari. Ulimi ukisogea hata kwa unene wa unywele, sauti aliyoichagua babu imepotea.