Maswali Yenu: Kikohozi cha Kusi na Dawa za Kihindi

SWALI: Asalaam aleikum Bi Mkubwa. Kusi imeingia na nyumba yangu yote ni kukohoa tu. Jirani wa ghorofa ya chini, mama wa Kihindi, alinipa unga wa tangawizi kavu na pilipili manga, akanambia nichanganye na asali. Mume wangu aliulamba, makohozi yakalegea yakatoka. Mimi nikilamba koo lawaka moto, na usiku nakohoa hadi mbavu zauma wala hakitoki kitu. Kwani dawa hii yachagua watu? Na jengine, mamangu asema ninywe maziwa ya manjano, jirani asema maziwa nisiyaguse kabisa. Nimsikize nani?
*Mama wa watatu, Kisauni*

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Dawa haichagui watu, yachagua kikohozi, na wewe na mumeo hamuumwi kikohozi kimoja. Hapa ndipo wengi wanapokwama na dawa za Ayurveda, yaani tiba ya kale ya Kihindi, mtu asikia tangawizi ni dawa ya kifua basi kila anayekohoa atiliwa tangawizi. Wahindi wenyewe hawendi hivo. Vitabu vyao vya kale vyataja aina tano za kikohozi, na hesabu yote yatokana na mambo matatu mwilini: vata ndio upepo na ukavu, pitta ndio moto, kapha ndio uzito na majimaji, yaani belghamu. Wala si jambo geni kwetu, wazee wetu wa pwani nao walikuwa na vyakula vyao vya baridi na vya moto, muulize mamako atakwambia.

Sasa mumeo kikohozi chake ni cha kapha, kifua kimejaa, na ule unga ndipo mahali pake. Ukiongezwa pilipili ndefu, zile wanazoziita pippali, huitwa trikatu, maana yake ni vikali vitatu. Robo kijiko cha chai na asali, mara mbili kwa siku baada ya chakula, yamtosha. Maji ya friji, mtindi wa usiku, ndizi, aiskrimu na vya kukaanga aviwache kwanza, najua bhajia za jioni zitamuuma roho lakini ndio hivo. Mpikie supu nyepesi ya pojo utie binzari nyembamba na kitunguu saumu. Na akiwa na vidonda vya tumbo au kiungulia, trikatu asiiguse.

Wewe chako ni kikavu, cha vata, na ukali wamzidishia mkavu ukavu. Wewe wataka kitu cha kulainisha. Nenda Marikiti kwenye maduka ya viungo uulize mulethi. Ni vijiti kama kuni ndogo, nje rangi ya udongo, ndani manjano, na ukitafuna kimoja utaona utamu watoka wenyewe bila sukari, wakaa kooni muda mrefu. Ponda kipande cha urefu wa kidole, chemsha na vikombe viwili vya maji hadi kibaki kimoja, chuja, kunywa vuguvugu. Siku chache tu lakini, usifanye chai ya kila siku, manake mulethi ukizidishwa hupandisha presha na kupunguza madini ya potasiamu mwilini. Mwenye presha, mwenye maradhi ya moyo au figo, na mja mzito wasinywe.

Kuhusu maziwa, mamako na jirani wote wana haki yao. Ayurveda humkataza maziwa, hasa ya baridi, mtu aliyejaa belghamu, na humpa ya moto mwenye kikohozi kikavu. Madaktari wa leo wao wasema maziwa hayazidishi makohozi, ila yakichanganyika na mate hufanya koo lijihisi zito. Kwa hivo mumeo akiona yamsumbua awache, wewe kunywa. Kikombe kimoja, nusu kijiko cha chai cha manjano, chembe ya pilipili manga kwa sababu ndiyo inayoyasaidia manjano kuingia kwenye damu, na kitone cha samli. Yachemke kidogo, unywe ukienda kulala. Kama wameza dawa za kuyeyusha damu, muulize daktari kwanza.

Na huyo jirani muombe pia majani ya tulsi, nyumba nyingi za Kihindu huwa nayo kwenye chungu. Ni ndugu wa rehani yetu ya kwenye vikuba ila harufu yake yaenda kama karafuu. Majani matano sita kwenye maji ya moto, watoto wakubwa nao wanywe. Lakini jua mafua yenyewe huondoka kwa siku saba hadi kumi, utumie dawa au usitumie, hizi ni za kupunguza adha. Antibayotiki ndio kabisa haziui virusi vya mafua, usiende kuzinunua.

SWALI: Bi Mkubwa mtoto wangu ana miezi minane, akohoa. Mama mkwe ataka kumlambisha asali na maji ya tangawizi. Nakataa naonekana sina adabu.
*S., Majengo*

JIBU: Kataa tu. Asali haipewi mtoto chini ya mwaka mmoja, hata kidoleni, hata ikipikwa, inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ya botulizimu tumboni mwa mtoto mchanga. Mwambie mama mkwe kwa upole, daktari amekataza, mtupie daktari lawama yeye kazoea. Mnyonyeshe zaidi, mtie matone ya maji ya chumvi puani. Akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au kifua chini ya mbavu chaingia ndani, au akakataa kunyonya, hospitali saa hiyo hiyo.

SWALI: Ni kweli asali ikitiwa kwenye chai ya moto yageuka sumu?
*Mpenda chai, Likoni*

JIBU: Ayurveda hukataza kuipasha asali moto, ni kanuni yao ya zamani. Mimi sijaona mtu aliyedhurika na chai ya asali, lakini kuisubiri chai ipoe kidogo hakuna hasara, na harufu ya asali pia yabaki.

SWALI: Nimekohoa mwezi sasa, usiku natoka jasho na suruali zanipwaya. Nimenunua mtandaoni pakiti ya vidonge vya Ayurveda, haina jina la kiwanda wala viungo. Niendelee?
*Kijana, Changamwe*

JIBU: Wacha leo hii, kaka. Ayurveda ina dawa nyingine hutiwa madini makusudi, na uchunguzi wa Boston, Marekani, uliotoka mwaka 2004 ulikuta risasi, zebaki au aseniki kwenye bidhaa 14 kati ya 70, na hizo zilikuwa za dukani wazi wazi, sembuse pakiti isiyo na jina. Lakini hilo ni la pili. Kikohozi kilichopita wiki mbili, pamoja na jasho la usiku na kukonda, lazima kipimwe kifua kikuu, na hospitali za serikali kupima na dawa ni bure. Kesho asubuhi nenda, waambie wataka kupimwa makohozi. Ukikohoa njiani ziba mdomo, keti karibu na dirisha la matatu. Na ile pakiti ichukue, umwonyeshe daktari umekuwa ukimeza nini.